Beseni la Mchanga la Mwalimu wa Viti

Ukitaka Mwalimu wa Viti akutengenezee kiti, kwanza ulipaswa kukaa mu mchanga. Kukaa kabisa, na matako yako yote mawili. Ninaandika hivyo wazi juu nimetafuta namna ingine ya adabu na sikuipata.

Alikuwa na beseni pana la plastiki, lile la bluu ambalo mama wengine wanaogeshea watoto. Ndani mulikuwa mchanga wa mto Shari, uliochekechwa mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo. Aliunyunyizia maji, akausawazisha na kipande cha ubao, akarudi nyuma hatua mbili kwa heshima, akasema:

— Kaa. Usijitengeneze. Kaa sawa vile unakaaka kwenu wakati hakuna mutu anakuangalia.

Unakaa. Yeye anahesabu polepole, kwa Kifaransa, mpaka ishirini. Unasimama na nguo imelowa nyuma kama mtoto wa maternelle, shule ya wadogo, na yeye tayari amepiga magoti mbele ya shimo uliloacha. Anapima na vidole. Anainama karibu pua iguse. Halafu anakuambia mambo yako.

Siku pasta alikuja kupimwa, nusu ya vijana wa mtaa wetu wa Rwambuzi tulikuwa tumepanga macho mu matundu ya lupango lake, uzio wa matete. Mwalimu aliangalia alama ya pasta muda mrefu, akasema:

— Pasta, weye unakaaka mbele-mbele. Kila mara unataka kusimama useme. Kiti yako nitaitegea nyuma kidogo, usikilize na wengine.

Pasta alicheka, siye tukaanguka chini. Mama yangu, ambaye anauza samaki ya chumvi sokoni na ambaye alifika hapa kutoka Butembo na mimi mgongoni, alikaa kwa haya, amefunika uso na kitenge.

— Mama Radio, upande wa kuume umelala usingizi. Upande wa kushoto unachunga kitu.

Mama alishika kiuno cha kushoto, pale anapofungaka makuta, pesa zake za samaki, mu kitenge, akaangalia huku na huku kama mtu aliyeibiwa. Kiti chake kilitoka na upande wa kushoto umeshuka kidole kimoja. Tangu hapo hakubali kukaa mu kiti kingine. Kukiwa sherehe, ni mimi ninatembea mbele yake na kiti kichwani, kama mfalme amesahau miguu nyumbani.

Radio ni mimi. Mwalimu aliniita hivyo juu sizimikaki, na jina likanishika mpaka ku masomo, ambako niko mwaka wa tano na mkuu wa nidhamu ananijua kuliko anavyojua watoto wake. Mimi mwenyewe Mwalimu hakunipima hata siku moja. Alisema matako yangu hayawezi kumaliza ishirini.

Kwa kulipiza, siku moja alipokwenda kuchota maji, nilibonyeza boga la mama mu mchanga wake, nikaliondoa vizuri, nikamwambia mteja mmoja mkubwa amepita na atarudi. Mwalimu alipiga magoti. Akapima. Akanusa. Akasema:

— Huyu hana mufupa hata moja. Ni boga ya mama yako ao ni député wa bunge.

Viti vyake vilikuwa vya mianzi, na pa kukalia alisuka na kekele, ile kamba ya porini ambayo kijana mmoja wa pikipiki alimletea kutoka Marabo kila mara njia ilikuwa salama. Njia ikifungwa, Mwalimu alisuka polepole. Ikifunguliwa, alisuka haraka. Ulikuwa unaweza kujua habari za usalama kwa kuangalia mikono yake, na hazikukosea sana kuliko za redio ya kweli.

Hakutengeneza viti viwili vinavyofanana. Na hakuuza hata kimoja. Ninajua namna hiyo inasikilika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kiti kikiisha, alikupelekea mwenyewe, akakaa kwako mpaka akuone umekaa, akaangalia mgongo wako na magoti yako, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hakutaja bei. Baadaye, siku uliyotaka weye, ulimpelekea kitu: kopo la maharagi, kuku, kipande cha sabuni, siku zingine franga kidogo zimekunjwa mu karatasi. Kama hukupeleka kitu hakuuliza. Kijana wa pikipiki alipewa kiti kwa ajili ya kekele, na ndugu zake kule Marabo nao wakapata viti namna hiyo hiyo, na vingine vikafika mpaka Aveba.

Mtu alimuuliza kwa nini asiweke bei. Alijibu:

— Mutu akilipa bei, akikaa anakumbuka bei. Miye nataka akikaa asikumbuke kitu.

Kabla ya viti alikuwa mwalimu wa kweli, huko kusini upande wa Aveba, miaka mingi. Wakati wa vita watu waliokimbilia mu masomo yake walichoma madawati yote ili wapike. Aliyasimulia bila hasira, kama mtu anayesimulia mvua.

— Walikuwa na njaa. Ningechoma pia. Lakini kisha pale watoto walisomea chini, na wazazi wao walikaa chini, na miye nikaona: mutu akikaa chini muda murefu anazoea. Anafikiri chini njo pake.

Akavuta kekele, akaendelea kusuka.

Sasa nisimtengeneze kuwa mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa chumvi kupita kiasi. Alikoroma mu ibada. Alichukia mbuzi wote, bila kuchagua. Na huyu mtu aliyejali makalio ya mji mzima alikaa juu ya bidon. Bidon ya mafuta, ya njano, iliyobonyea katikati. Mama alimwambia:

— Mwalimu, na weye ujitengenezee kiti basi!

— Nani atanipima? Siwezi kukaa na kujiangalia kwa wakati mumoja.

Jambo lingine: aliogopa karatasi. Ao aliheshimu, sijui tofauti kwake. Siku ya salongo, ile kazi ya mtaa mzima, alikuwa wa kwanza na jembe, hata kama mfereji ulikuwa mbele ya nyumba ya mtu mwingine. Kila karatasi aliyopewa aliisoma mpaka mwisho, akatia sahihi: jina lote, na mkia mrefu chini yake kama wa panya. Alitia sahihi chini ya kila kiti. Alitia sahihi mu daftari la matoleo kanisani, ambako hakuna aliyemuomba. Miaka thelathini ya kukosoa kopi za watoto ilimwachia ugonjwa huo: akiona maandiko anakosoa, akikosoa anatoa pointi, akitoa pointi anatia sahihi.

Hapo njo nilimuua. Simaanishi alikufa. Eko mzima.

Ilikuwa likizo, na likizo mu Rwambuzi ni ndefu. Nilipata kipande cha triplex, ule ubao mwembamba, na rangi nyeusi iliyobaki ku mlango wetu, nikaandika kwa herufi kubwa, na usanii wangu wote:

ETS. KALIO BORA
FABRIQUE YA VITI
SUCURSALE: MARABO – AVEBA – PARIS

Nilitundika asubuhi mapema ku lupango lake, nikajificha nione. Mwalimu alitoka na mswaki mdomoni. Akasoma. Akarudi ndani. Nikafikiri anakwenda kuleta fimbo. Kumbe alileta ile rangi nyekundu ya kupaka miguu ya viti. Akaniongezea c moja mu « succursale », yaani tawi. Pembeni akaandika 7/10. Chini, sahihi yake, na mkia.

— Radio, toka nyuma ya muhogo. Nakuona.

Nilitoka.

— Tatu nimeondoa juu ya uongo. Paris hatuko.

— Na Marabo, Mwalimu?

— Marabo na Aveba nimekuachia. Kule viti yangu iko.

— Nishushe?

Watu wawili walikuwa wamesimama barabarani wanasoma, na mmoja alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka. Mwalimu aliwaangalia.

— Iache wiki moja. Tangu lini mutu alichekaka mbele ya lupango mu huyu muji?

Ilikuwa kweli. Silaha zilikuwa zimenyamaza, lakini bado tulitembea kama watu wanaosikiliza. Wiki moja ikawa miezi miwili. Hakuna aliyekumbuka kuishusha, na mimi nilikuwa na majivuno: kazi yangu ya kwanza kuonekana barabarani.

Agent wa kodi alikuja saa nne za asubuhi, kijana mpole mwenye shati iliyopigwa pasi na viatu vilivyojaa vumbi. Hakupiga kelele hata mara moja. Ningependa apige kelele, ningejua wa kumchukia. Mu beseni siku hiyo mulikuwa alama ya koko mmoja, mzee aliyekimbia kutoka Aveba, nyonga yake mbovu, anakaa kwa mkwe wake nyuma yetu. Alikuwa amepimwa asubuhi hiyo hiyo. Miaka yote alikaa chini ku mkeka, na kusimama kwake kulihitaji watu wawili.

— Mwalimu, hii kazi iko na patente?

Patente ni karatasi ya serikali ambayo kila mfanyakazi mdogo, wa kuuza ao wa kutengeneza, analipia kila mwaka ili akubaliwe kutafuta faida.

— Hapana, mwanangu. Hii si biashara.

— Ni nini basi?

— Ni viti.

Kijana aliangalia triplex, akaandika. Mwalimu hakuweza kuvumilia mtu asimame kwake, akamsogezea kiti cha mtu mwingine kilichokuwa kinangoja kupelekwa. Kijana akakaa, akajisogeza, akashangaa.

— Ah! Kiti muzuri sana, Mwalimu.

Na akaandika tena. Nilichungulia juu ya bega lake: « travail professionnel », kazi ya fundi kamili.

Kisha akatoa fomu. Mwishoni kulikuwa visanduku viwili: kazi ya faida, ao kazi ya kujifurahisha. Weka alama mu kimoja. Kikiwa cha kwanza, patente, na si ya fundi mdogo wa lupango, juu mwenye matawi mawili ni établissement, biashara kubwa, na miaka ya nyuma inahesabiwa. Kikiwa cha pili, hakuna kulipa kitu, lakini unatia sahihi kwamba unatengeneza vya nyumbani mwako tu, na hakuna kinachotoka ku lupango.

Mwalimu alishika fomu ile kama kopi ya mwanafunzi mvivu.

— Nikiweka hapa, nadanganya mufuko yangu. Nikiweka hapa, nadanganya mikono yangu.

— Mwalimu, kisanduku ya katikati hatuna.

— Mutoto angeniletea ulizo kama hii, ningemurudishia.

— Miye siwezi kurudisha. Na miye wakubwa wananipa.

Akamwachia siku tano. Akapiga picha ya triplex na simu, karibu kabisa, pale pa sahihi.

Siku ya Jumatatu nilikimbia masomo, na uniforme yangu, sketi ya bluu na blouse nyeupe, nikaenda ofisini kuungama. Nilikuwa nimefanya mazoezi njiani. Nilijua nitawachekesha, wakicheka watachana karatasi yao. Mimi kila shida ya maisha yangu nimeitokea kwa mlango huo.

— Ile kibao ni miye niliandika, nilimwambia kijana yule. Ilikuwa mchezo.

— Na sahihi?

— Ni yake, lakini ni ya kukosoa. Alinipa saba juu ya kumi!

— Kwa hiyo aliisoma.

— Alisoma, ndiyo...

— Akakubali pointi saba.

Nikaegemea meza yake.

— Lakini niliandika na Paris! Munaona basi ni uongo!

— Paris tumeiacha, alisema kwa upole. Haiko mu ressort yetu, mu mipaka yetu.

— Marabo pia hakuna kitu! Ni kijana wa pikipiki tu, analeta kekele anachukua viti.

Kalamu yake ilitembea.

— Anapeleka viti Marabo.

— Kwa ndugu zake! Na Mwalimu hapokeake makuta. Watu wanamuletea maharagi, kuku, sabuni, kila mutu na roho yake...

— Polepole, dada. Maharagi, kuku, na nini?

Nilifunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza, na ilikuwa imechelewa. Aliandika « malipo ya vitu », akapiga mstari chini yake, akaniangalia kama kaka anavyoangalia mdogo wake aliyemwaga sufuria.

— Weye ni mutoto wa masomo. Neno yako haina muhuri. Rudi mu kalasi.

Nilirudi. Mkuu wa nidhamu alinipa kufagia kiwanja chote, na nikafagia bila kusema kitu, mpaka akauliza kama niko mgonjwa.

Watu wa avenue yetu walikutana kwa chef wa nyumba kumi. Walitaka kuchangia, kila mwenye kiti atoe kidogo, hata mama alifungua kitenge upande wa kushoto. Mwalimu aliwashukuru mmoja mmoja, kwa jina, akakataa.

— Mukinilipia mwaka huu, mwaka kesho nitapaswa kuwaambia bei. Mama Radio atakaa mu kiti yake na atakumbuka.

Siku ya tano aliweka alama mu kisanduku cha pili. Kazi ya kujifurahisha. Akatia sahihi, ile ile, na mkia. Mama alikuwa pale, ni yeye aliniambia. Mimi sikuwa na nguvu ya kwenda kuona.

Nilimwendea jioni, jua bado juu, na mpango. Kiti cha koko wa Aveba kingetengenezwa, mimi ningekirusha juu ya lupango, tukikutwa tungesema upepo.

— Nilitia sahihi, Radio.

— Lakini ni karatasi ya bure! Nani atajua?

— Miye.

— Mwalimu, weye mwenyewe ulisema ile ulizo ni mubaya!

— Ulizo ni mubaya, lakini jibu ni yangu. Niliwafundisha watoto miaka makumi matatu kwamba mutu akitia sahihi amekwisha sema.

Alama ya koko ilikaa mu beseni wiki mbili. Mchanga ulikauka, ukapasuka katikati ya nyonga, kingo zikaanguka. Siku moja nilipochungulia ulikuwa umesawazishwa.

Kijana wa pikipiki aliendelea kuleta kekele kidogo, juu ya heshima, na Mwalimu aliendelea kusuka, juu mikono yake haikujua kusoma fomu. Lakini nyumbani mwake alikuwa peke yake. Vya nyumbani mwake tu, karatasi ilisema. Basi alijipima. Sijui alifanyaje, labda na kioo. Akatengeneza kiti cha makalio yake. Kikaisha. Akatengeneza kingine cha makalio yale yale. Na kingine.

Mimi nilimkwepa. Nilizunguka njia ya nyuma kwenda masomo, ndefu, yenye matope, nikiambia rafiki zangu ninafanya sport.

Nilirudi kuingia kwake Jumamosi moja karibu na mitihani, juu mama alinituma na samaki ya kumpelekea. Alisema samaki sasa si malipo ya kitu, ni samaki, nani atatia sahihi? Viti vilikuwa tisa, vimepangwa mu uwanja kama kalasi inayongoja watoto, vyote sawasawa, upana mmoja, urefu mmoja. Yule ambaye hakufananisha viti viwili. Mu kimoja alikaa koko wa Aveba. Karatasi haikumkataza mtu kuja kukaa, kwa hiyo kila asubuhi mkwe wake alimleta na kila saa sita alimrudisha. Kiti kilikuwa kipana kwake. Aliteleza upande wa nyonga mbovu, akajishikilia, akateleza tena. Walikuwa wamemkunjia kitenge pembeni, lakini nacho kiliteleza.

Mwalimu alikuwa juu ya bidon.

— Radio. Siku nyingi. Pile za redio zimeisha?

Nilitafuta jibu la kuchekesha. Huwa yanapanga foleni mdomoni mwangu, ninachagua tu. Nilimpa samaki.

Alinusa samaki, akaweka chini, akasimama polepole. Akanyunyizia mchanga maji. Akausawazisha.

— Kaa.

— Miye?

— Kaa. Usijitengeneze.

Nilikaa. Mchanga ulikuwa baridi. Alihesabu: un, deux, trois. Sikutikisika. Koko alikuwa ananiangalia kutoka kiti chake kipana. Mwalimu alifika vingt, akangoja kidogo zaidi, halafu akanisaidia kusimama, kitu ambacho hakufanyiaka mtoto.

Akapiga magoti. Akaweka vidole ndani, kushoto, kuume, nyuma. Nilingoja aniambie mambo yangu, jambo la nguruwe ao la mbuzi, nicheke, iishe.

— Unakaa kama mutu anaomba pardon, alisema.

Kisha akaingia nyumbani, akatoka na triplex yangu. Sikujua kwamba aliishusha na kuitunza. Akailaza juu ya beseni, maneno yangu yakiangalia mchanga, akaweka jiwe juu yake.

— Unafunika kwa nini, Mwalimu?

— Mvua.

Niliangalia juu. Hakukuwa na wingu.

— Utatengeneza kiti yangu?

Aliangalia koko. Aliangalia mlango wa lupango, viti tisa, mikono yake. Akakaa tena juu ya bidon, akachukua samaki, akaanza kuondoa magamba na ukucha, moja moja.

Sasa ninapita tena njia ya mbele. Kila asubuhi ninaweka jicho mu tundu la matete, lile lile tulilochungulia siku ya pasta. Jana mvua kubwa ilinyesha. Leo triplex iko pale, juu ya alama yangu, na jiwe juu yake.